Aliyepaka Mstari Ameona Upande wa Pili

Leo nataka tuzungumze kuhusu rangi iliyopakwa katikati ya barabara kuu. Upana wake ni kama kiganja cha mkono. Kila aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya, Arusha au Mwanza amekaa kando yake saa nyingi, na huenda hajawahi kuitazama. Kuna mahali imepakwa vipande vipande, na kuna mahali inakwenda mfululizo bila pengo. Pale inapokwenda mfululizo, dereva anaambiwa asivuke. Asiikanyage, asiipande kwa tairi moja, asihamie upande wa pili kulipita gari lililo mbele yake, hata kama macho yake yanamwambia kwamba hakuna kitu kinachokuja.

Hilo la mwisho ndilo linalowaudhi madereva wengi, na ndilo ninalotaka tukae nalo. Hoja ya dereva inaeleweka. Yuko nyuma ya semi ya mafuta inayokwenda Tunduma, na semi hiyo inapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenda kanisani. Moshi unaingia madirishani. Abiria wananung'unika, na mmoja kule nyuma ameshaanza kupaza sauti: "Dereva, tutafika kesho?" Mbele barabara inaonekana tupu. Dereva anajiuliza rangi hii inamzuia nini, kisha anachomoka.

Ukimuuliza baadaye, atakwambia aliangalia kwanza. Mimi naamini kabisa kwamba aliangalia. Tatizo ni kwamba mahali pale palichaguliwa kupakwa mstari mzima kwa sababu hiyo hiyo: ukiangalia, huoni vya kutosha, na huwezi kujua kwamba huoni vya kutosha.

Nieleze namna mstari ule unavyofika pale, kwa kuwa wengi wetu tunadhani ni kazi ya fundi na ndoo yake ya rangi. Kabla ya fundi kuna mhandisi, na mhandisi huyo anapima jambo moja: kutoka hapa nilipo, jicho la dereva linaona barabara umbali gani mbele? Hapimi kwa jicho la mtu aliyesimama. Anapima kwa urefu wa jicho la mtu aliyekaa ndani ya gari dogo, ambao ni kama mita moja na kidogo kutoka chini. Kisha anauliza gari linalokuja litaanza kuonekana lini. Akifika kwenye mgongo wa mlima, au kwenye kona ambayo upande wake wa ndani kuna ukingo wa udongo au miti, umbali ule unapungua. Ukipungua chini ya kile kinachohitajika ili gari moja lilipite jingine na kurudi salama, vipande vinaisha na mstari mzima unaanza. Unaanza kabla ya kona, wala hausubiri kona yenyewe, kwa sababu dereva aliyekwisha kuchomoka anahitaji nafasi ya kurudi.

Sasa tazama jambo ambalo madereva wengi huliona kila siku bila kulifikiria. Mara nyingi katikati ya barabara kuna mistari miwili imekaa sambamba, mmoja mzima na mwingine wa vipande. Kanuni ni kwamba kila dereva anafuata ule ulio upande wake. Aliye karibu na vipande anaruhusiwa kupita, aliye karibu na mstari mzima haruhusiwi. Barabara ni hiyo hiyo, mahali ni pale pale, lakini madereva wawili wanaokutana hapo wamepewa amri tofauti. Kwa nini? Kwa sababu mmoja amekwisha kutoka kwenye kona na mbele yake kumenyooka, na mwenzake ndiyo kwanza anaikaribia. Mhandisi alipita pande zote mbili. Akatembea kutoka huku, akageuka, akatembea kutoka kule. Dereva anapita upande mmoja tu kwa wakati mmoja, tena kwa kasi, pengine mara yake ya kwanza katika barabara hiyo. Mstari mzima ni taarifa iliyoachwa na mtu aliyeona upande wa pili wa mlima, akakuandikia chini, mahali ambapo hutakosa kuiona.

Dereva wa basi hapo atanikatiza. Atasema: mimi nimekaa juu, naona mbali kuliko mwenye gari dogo. Kwenye mgongo wa mlima ana haki kidogo, kwa kuwa aliyekaa juu huona mapema kile kinachopanda kutoka ng'ambo. Lakini kwenye kona iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, kukaa juu hakumsaidii chochote. Ukingo ni ukingo. Na kile kinachopanda kutoka ng'ambo si lazima kiwe basi mwenzake. Kinaweza kuwa bodaboda yenye mama na mtoto, au baiskeli ya mkaa, na vitu hivyo havina kimo cha kuonekana mapema.

Tupige hesabu pamoja, msikilizaji. Chukua kalamu kama unayo. Semi na tela lake ina urefu wa mita 22. Basi lako lina mita 12. Unaanza kuchomoka ukiwa mita 20 nyuma yake, na hupaswi kurudi upande wako mpaka umeiacha mita 20, la sivyo utaifinya. Jumla, basi linatakiwa kuizidi semi kwa mita 74. Semi inakwenda kilomita 60 kwa saa. Wewe unakwenda 80, ambayo ndiyo kikomo cha basi katika nchi yetu. Unaizidi kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Gawanya 74 kwa tano na nusu. Unapata sekunde 13.

Sekunde 13 ukiwa upande usio wako. Katika muda huo basi lako linakula karibu mita 300 za barabara. Na kama kuna basi jingine linakuja kwa kilomita 80 vilevile, nalo linakula mita 300. Kwa hiyo, ili upite bila kumlazimisha mtu kukanyaga breki, wakati unaanza kuchomoka lazima uione barabara ikiwa wazi kwa mita 600, yaani karibu viwanja sita vya mpira vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Hapo nimekufanyia wepesi. Nimechukulia kwamba tayari uko kwenye kasi ya 80 ulipoanza. Kwa kawaida dereva amekwisha kupunguza mwendo nyuma ya semi, na basi lenye abiria na mizigo halipandi kutoka 60 hadi 80 kwa kupepesa jicho.

Dereva anayebisha atasema Kitonga semi haziendi 60. Ni kweli. Pale Mlima Kitonga, mkoani Iringa, lori lililobeba mzigo wa kwenda Zambia au Kongo hupanda kwa kilomita 15 kwa saa, na wewe ukijitahidi utafika 35. Tofauti ni ile ile 20, na sekunde ni zile zile 13. Gari linaloshuka likiwa na mwendo wa 50 litakuwa limekuja karibu mita 185, na wewe umepanda mita 130. Unahitaji kuona zaidi ya mita 300 mbele. Aliyepita Kitonga aniambie ni wapi katika kona zile, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili, ambapo macho yanafika mita 300.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halimo katika sheria yoyote, lakini ndilo linaloendesha barabara zetu: ishara ya dereva wa mbele. Kila anayesafiri kwa basi anaijua. Basi limekaa nyuma ya lori. Dereva wa lori anawasha taa ya kushoto, maana yake pita, kweupe. Au anawasha ya kulia, maana yake kaa, kuna mtu anakuja. Ni adabu ya barabarani, na inatokana na wema. Madereva wa masafa marefu wanaishi pamoja kwenye lami; wanaonyeshana shimo, wanaonyeshana gari bovu, wanasaidiana jeki usiku porini. Sitaki kuubeza wema huo.

Lakini hebu tuuchunguze. Dereva wa lori anapokwambia pita, anajua semi yake ina urefu gani. Hajui basi lako lina nguvu kiasi gani, wala kwamba nyuma yako kuna magari mengine matatu yatakayokufuata mkia kwa mkia yakidhani kweupe ni kwa wote. Anaona mbele pale alipo yeye, na wewe uko mita 40 nyuma yake. Na tena taa ile ya kulia ina maana nyingine kwa mujibu wa sheria: naingia kulia, au nami nataka kuchomoka nimpite aliye mbele yangu. Usiku madereva wengi huiwasha ili anayekuja ajue upana wa lori unaishia wapi. Taa moja, maana tatu, na dereva wa basi anatakiwa akisie. Mambo yakiharibika, aliyewasha taa ya kushoto ataendelea na safari yake. Hakuna trafiki atakayemwandikia, hakuna mahakama itakayomwita. Atakayeulizwa ni aliyevuka mstari.

Kwa maoni yangu, kwenye mstari wa vipande ishara ya mwenzako ni msaada wa kuongezea juu ya macho yako. Kwenye mstari mzima haina kazi. Mhandisi alikwisha kusema hapana, naye alikuwa na muda wa kupima.

Naomba sasa nitaje ajali mbili, na ninazitaja kwa heshima ya waliofiwa. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso na Coaster ziligongana uso kwa uso. Coaster ilikuwa na msiba. Ilibeba jeneza na ndugu waliokuwa wakimsindikiza mpendwa wao kutoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa Kilimanjaro. Watu wasiopungua 17 walikufa. Maelezo yaliyotolewa na viongozi wa mkoa yalikuwa kwamba Fuso lilikuwa likijaribu kulipita gari jingine. Familia iliyokuwa inakwenda kuchimba kaburi moja ikalazimika kuchimba mengi.

Na kwa jirani zetu Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, katika barabara ya Kampala kwenda Gulu wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yalikuwa yanatoka pande zinazopingana. Polisi wa kule walieleza kwamba kila moja lilikuwa linalipita gari lililo mbele yake, kwa wakati ule ule. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Fikiria hesabu yetu ya sekunde 13, halafu iwe kwamba madereva wote wawili wanaipiga kwa mkupuo mmoja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake yuko upande wake. Kugongana uso kwa uso ni tofauti na kugongwa nyuma, kwa kuwa kasi ya huyu inajumlishwa na ya yule. Wanaokaa mbele mara nyingi hawapati hata bahati ya kujeruhiwa tu.

Historia ya rangi hii nayo ina mtu aliyenusurika ajali ya namna hiyo. Mwaka 1917, huko California nchini Marekani, daktari mmoja mwanamke aitwaye June McCarroll alikuwa akiendesha gari lake karibu na mji wa Indio. Lori likaja likiwa limekaa katikati ya barabara, likamsukuma nje hadi mchangani. Barabara ile haikuwa na kitu chochote cha kumwonyesha dereva upande wake unaishia wapi. Daktari alikwenda kwa viongozi wa eneo lake akapendekeza upakwe mstari katikati. Hawakushughulika. Akachukua rangi nyeupe na brashi, akapiga magoti, akapaka mwenyewe. Kisha akaendelea kuandika barua na kuwashawishi akina mama wa vyama vya wanawake wasimame naye, mpaka mwaka 1924 jimbo la California likakubali kupaka mistari katika barabara zake kuu. Upande wa Michigan walikuwa wameanza mapema zaidi, mwaka 1911, lakini simulizi la daktari huyu linanigusa kwa sababu alikuwa mtu wa kutibu. Aliona kwamba ndoo moja ya rangi ingemwondolea wagonjwa wengi.

Leo nchi nyingi zinafuata maelezo ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani, kwamba mstari mzima hauvukwi wala haukanyagwi. Kenya huupaka kwa rangi ya njano. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva atii alama za barabarani, na alama zilizopakwa chini ni alama kama zile zilizosimama kwenye nguzo.

Je, kuna wakati mtu anaweza kuvuka kwa haki? Akili inasema upo. Lori limekatika ekseli, limelala upande wako, matawi yamewekwa nyuma yake. Huwezi kukaa hapo hadi kesho kutwa. Waingereza, ambao tumerithi kwao kuendesha kushoto, wameliandika hilo waziwazi katika mwongozo wao: unaweza kuvuka mstari mzima, kama barabara ni salama, ili kupita gari lililosimama, au kumpita mwendesha baiskeli, mpanda farasi au gari la matengenezo ya barabara linalokwenda kilomita 16 kwa saa au chini ya hapo. Angalia kilichoruhusiwa kupitwa: kitu kilichosimama, au vitu vichache vilivyotajwa kwa jina, navyo viwe vinatambaa. Semi inayopanda mlima haimo. Na hapo kwenye lori bovu, mtu mmoja ashuke, asimame mbele kwenye kona, azuie upande mmoja wakati mwingine unapita. Utingo wetu wanaifanya kazi hiyo vizuri sana, na hakuna anayewashukuru.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu nisiposema hili nitakuwa nimewabebesha madereva peke yao. Barabara nayo ina deni. Katika sehemu nyingi mstari umefutika. Dereva anafika mahali ambapo palikuwa na mstari mzima, leo pamebaki madoa. Akivuka pale utamlaumu kwa lipi? Sehemu nyingine, lami imewekwa upya na rangi imechelewa kurudishwa, barabara ni nyeusi tii na laini, inaita kasi, na hakuna neno lililoandikwa juu yake. Kwa barabara kuu na za mkoa mwenye dhamana ni TANROADS, na ninasema kwa nia njema: lami mpya isifunguliwe kwa magari kabla ya mistari. Ukarabati usihesabiwe umekwisha mpaka rangi ikauke.

Kuna na hili la njia ya kupandia. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma inabeba mizigo ya nchi kadhaa, na magari yanayokwenda kwa kasi tofauti kabisa mahali pengi yamebanwa katika njia moja kila upande. Ukimwambia dereva wa basi akae nyuma ya semi kilomita nne za mlima, unamwomba subira ya haki. Ukimwambia akae kilomita 20, mlima baada ya mlima, unamjaribu. Pale penye milima mirefu inahitajika njia ya tatu, njia ya polepole ambayo malori yataingia na kuwaachia wengine. Inagharimu fedha nyingi, najua. Kenya walichukua hatua baada ya kilio. Tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori viligongana uso kwa uso na watu 36 wakafa. Baada ya hapo wakaweka vizuizi vya zege kutenganisha pande mbili za barabara. Rangi ilipoonekana haitiiwi, ikabidi isimamishwe ikawa ukuta. Sisi hatuna haja ya kusubiri mpaka tupate Salgaa yetu.

Na trafiki wetu. Nawaheshimu, wanasimama juani kutwa. Lakini dereva yeyote atakwambia tochi za kupimia mwendo zinakaa wapi: kwenye tambarare, kijiji kinapoanza, penye kibao cha 50. Ni sawa, watoto wa kijiji wanahitaji kulindwa. Ila kwenye mgongo wa mlima, pale penye mstari mzima, humkuti mtu. Matokeo yake madereva wamejifunza kwamba kosa barabarani ni mwendo, na kwamba mwendo ni kosa mahali fulani tu, tena wanapeana taa kuambiana ni wapi. Kuna faini ya papo kwa papo. Aliyezidisha mwendo kidogo kijijini analipa hiyo. Aliyechomoka kwenye kona na watu 50 nyuma yake, kama hakukutana na mtu, halipi hata senti na anafika mapema. Ningependa kuona kamera ndogo iliyotulia juu ya mti, inayotazama mstari tu. Siku hizi mabasi yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na mamlaka inajua basi lilikuwa na kasi gani saa ngapi. Kifaa hicho hakijui basi lilikuwa upande gani wa barabara.

Mjini sitakaa sana. Pale Dar es Salaam mistari mizima inavukwa kwa sababu nyingine, foleni. Watu wanatanua, wanakata mbele ya wenzao kwenye taa, bodaboda zinaingia njia ya mabasi ya mwendokasi. Mengi ya hayo yanaishia kwenye bampa na matusi. Lakini kuna mstari mmoja wa mjini ambao naulilia, ule unaokuwa mzima mita chache kabla ya zebra. Umepakwa hivyo ili gari lisilipite lililosimama. Gari la kwanza limesimama kumvusha mwanafunzi. La pili, nyuma yake, halijamwona mwanafunzi, limeona tu mtu amesimama bila sababu. Linachomoka. Mtoto anatokea mbele ya boneti ya lile la kwanza, akiwa na imani yote kwamba amekwisha kuvushwa. Mzazi anayemfundisha mwanawe kuvuka zebra amfundishe na hili: gari la kwanza likisimama, simama nawe mbele yake, chungulia njia ya pili, ndipo uende.

Na sisi abiria? Nimekaa katika mabasi ambayo dereva akichomoka kwenye kona na kurudi salama, watu wanashangilia. Nimesikia mtu akimwita dereva mtaratibu "bibi harusi". Maneno hayo yanaingia masikioni mwa mtu aliyeshika usukani tangu alfajiri, ambaye tajiri wake anampigia simu kuuliza amefika wapi. Tunamsukuma kwa mdomo, kisha ajali ikitokea tunasema alikuwa mzembe. Abiria ana haki ya kusema, kwa adabu na kwa sauti: "Kaka, hapa mstari hauruhusu, tutakaa." Akisema mmoja ataonekana mwoga. Wakisema watatu, kondakta mwenyewe atapeleka ujumbe mbele. Na kwa dereva anayepitwa, iwe umepitwa kwa halali au kwa kosa: kaa kushoto kwako, usiongeze mwendo. Aliyekosea yuko kwenye upande wa mauti kwa zile sekunde 13, na pamoja naye yuko mtu anayekuja ambaye hakukosea lolote. Mfungulie nafasi arudi. Hasira itakusubiri Chalinze.

Nimalizie na usiku, kwa sababu mambo yamebadilika. Tangu Oktoba 2023 mabasi yetu yanaruhusiwa tena kusafiri saa 24, baada ya miaka mingi ya kulala njiani. Biashara imefurahi, na wagonjwa wanaokwenda Muhimbili wanafika mapema. Lakini usiku dereva haoni mlima wala kona. Anaona kile ambacho taa zake zinamulika, na kati ya vinavyomulikwa mstari ndio wa kwanza kumwambia barabara inaelekea wapi. Rangi ya barabarani hunyunyiziwa vishanga vidogo sana vya kioo ikiwa bado mbichi, na vishanga hivyo ndivyo vinavyourudisha mwanga wa taa kwenye macho ya dereva. Vikisagwa na matairi, rangi inabaki lakini mwanga hauko. Mkaguzi akipita saa nne asubuhi atauona mstari mweupe na ataandika kwamba ni mzima. Dereva wa basi akipita hapo saa nane usiku, mvua ikinyesha, haoni chochote.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaokagua barabara zetu ni dogo, na halihitaji sheria mpya. Wapande gari usiku. Watoke Chalinze saa sita, wafike Segera. Watoke Mikumi, wapande Kitonga, wafike Iringa alfajiri, wakiandika kila mahali ambapo mstari haukuwaka. Orodha hiyo itangazwe, na magari ya rangi yaanzie hapo. Sisi hapa redioni tuko tayari kuisoma, kilomita kwa kilomita.